Herufi za Matonge

Ninyi mliozaliwa mkakuta herufi zote zimeshajipanga ndani ya kompyuta, zinasubiri kubonyezwa, sina ugomvi nanyi. Ni bahati yenu. Mimi kila herufi niliyoileta duniani niliileta kwa mkono, nikiwa nimebana pumzi kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki, na nyingine zilitoka na kilema. Sasa nimestaafu. Kustaafu kwangu hakuna aliyekuona, maana hata nilipokuwa kazini nilikuwa nyumbani. Karakana yangu ilikuwa Kizota, Dodoma, na nyumba yangu ilikuwa nyuma ya karakana, kwa hiyo safari yangu ya kwenda kazini ilikuwa kufungua mlango. Mke wangu, Mama Neema, huwaambia wageni kwamba ameolewa na sufuria kubwa la shughuli: halitoki ndani mpaka kuwe na harusi, na likitoka lazima libebwe.

Nataka niwape habari za herufi za aina moja tu. Zile nene, za mviringo, zisizo na kona hata moja ya kumchoma mtu. Kwenye kompyuta zenu zina majina ya Kizungu. Sisi tuliziita matonge, kwa sababu kila mstari wake unaishia kama tonge la ugali wa uwele lililofinyangwa vizuri, tayari kuteleza na mlenda.

Matonge yana tabia ya shemeji mcheshi. Akiingia tu, watu wanatabasamu kabla hajasema kitu. Mpeleke chekechea, mpeleke kwa muuza ubuyu, kwa muuza barafu, kwenye duka la nguo za vichanga, kote huko atakufanyia kazi. Ila shemeji huyo huyo usimtume kupeleka taarifa ya msiba. Maneno atayasema yote sawasawa, na bado watu watacheka.

Mimi hilo nililijua kwa gharama ya kiatu cha mtu mwingine. Nilikuwa bado kijana, nimeyapenda matonge kama mtu anavyompenda mchumba wa kwanza, naandika kila kitu kwa matonge. Akaja mzee mmoja mwenye nyumba ya geti la kijani, akataka bango la kuwaonya watu: MBWA MKALI. Nikamwandikia. Jamani, lilikuwa zuri. Herufi zimenona, rangi ya chungwa, zimekaa pamoja kama watoto waliotoka kuogeshwa. Wiki haikuisha, watoto wa mtaani wakaanza kugonga geti wakiuliza kama vile vijibwa vinauzwa. Fundi bomba mmoja yeye hakugonga hata kidogo. Aliingia huku akimwita mbwa kwa mluzi, akatoka kwa kupitia juu ya ukuta, na kiatu kimoja kikabaki. Mwenye nyumba aliniletea bango langu na kiatu kile. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mbwa wake ni mkali, ila bango langu linamsingizia upole.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kanji. Familia yake ilikuwa na duka la rangi na misumari mjini. Wanawe waliuza, yeye alikaa nyuma ya duka akiandika mabango kwa mapenzi tu. Alizaliwa hapa hapa Dodoma, na Kigogo chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyenyonyeshwa nacho. Nilipomsimulia habari za yule mbwa alicheka mpaka akaweka brashi chini, jambo ambalo hakulifanya hata wakati wa kula.

"Elia," akaniambia alipopata pumzi, "wewe umesoma neno, hukusikia sauti yake. Neno la kuonya linataka mifupa. Hili lako nyama tupu."

Basi hapa someni polepole, maana haya hayakuwemo sekondari, na kama yalikuwemo mimi sikuyasikia. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho mama yangu alikifungia sandukuni ili wageni wasikione.

Unapochora, piga mistari miwili ya chaki, wa juu na wa chini. Herufi yenye miguu, kama H au M, isimame katikati ya mistari hiyo, iguse juu na iguse chini. O usiifanyie hivyo. O ukiibana ndani ya mistari itaonekana imelala na njaa. Iache ipite kidogo juu na ipite kidogo chini, unene wa ukucha tu, na jicho litakuambia zote ziko sawa. Nilibishana na Mzee Kanji juu ya jambo hili mpaka wanawe wakatuomba tutoke nje. Rula ilikuwa upande wangu. Bango likawa upande wake.

Mwisho wa mstari, pale tonge linapofungwa, tulitumia kizibo cha soda. Unakiweka, unazungusha penseli, kisha unajaza rangi. Herufi zikiwa kubwa, unatumia kopo la maziwa ya unga. Zikiwa za ukutani, sahani ya bati. Mpaka leo kabatini kwetu zipo sahani zenye ukingo wa bluu ambao wageni wanadhani ni pambo, na Mama Neema anawaacha wadhani hivyo, kwa heshima yangu.

Matundu yaliyo ndani ya a na e yafanye makubwa kuliko roho yako inavyotaka. Ukiwa karibu unaona yanatosha. Vuka barabara uangalie tena: yameziba, na neno lako limekuwa mabonge ya udongo. Kuhusu nafasi, herufi za vijiti zinapenda kuachiana, matonge yanapenda kusongamana kama watu wa harusini, kwa hiyo yasogeze. Na rangi ya mafuta upake asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Ukichelewa, upepo unachukua vumbi la barabara nzima na kulimwaga juu ya kazi yako. Nimewahi kumwandikia kinyozi bango lililokauka likawa msasa. Alisema amelipenda, anaweza kunolea wembe.

Zilipokuja stika za kukatwa kwa mashine nilidhani matonge yamefika mwisho wake. Kumbe jua la hapa kwetu linaanza kubandua penye ncha. Herufi ya kona kona inainua ukucha kwanza, halafu kidole, halafu siku moja mlango wa gari umebaki na nusu ya jina la mwenyewe. Tonge halina pa kushikiwa. Tembeeni Kizota muangalie magari ya zamani yaliyoegeshwa kwa mafundi. Maneno yaliyobaki mlangoni, mengi ni ya mviringo.

Ila nawaomba kitu kimoja, wanangu. Acheni kuvuta herufi. Mteja ana ubao mrefu na neno fupi, nanyi mnalishika neno masikio mawili mnalivuta mpaka tonge linakuwa chapati. Ongezeni nafasi, ongezeni picha ya kuku, fanyeni lolote, lakini msilivute. Binti yangu Neema, ambaye ndiye mwenye karakana sasa, alifanya hivyo mbele yangu siku kompyuta ilipofika. Nilikwenda kulala, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Huyo Neema nilimlea kwa sheria moja kubwa kuhusu matonge: hayaendi mahakamani, hayaendi msibani, hayaendi kanisani. Sasa niwaeleze jinsi nilivyoila sheria hiyo bila hata chumvi.

Mama mkwe wangu, Bibi Matika, anaishi Bahi. Uzeeni kwake, wajukuu wameshajitegemea, alijiunga na darasa la kusoma la akina mama pale kanisani kwao. Mwalimu aliandika ubaoni kwa chaki, wao wakafuatisha kwa vijiti mchangani. Akajua kusoma. Akasoma ubao wote, akasoma majina ya watu kwenye viti, akawa anatafuta vya kusoma. Katekista alipoona hivyo akampa kazi: Jumapili ya mavuno, Bibi Matika ndiye atakayesimama mbele kusoma somo.

Hapo pangekuwa na furaha tupu kama asingekuwepo Bibi Nyendo. Hawa wawili ni marafiki tangu wakiwa watoto, waliolewa msimu mmoja, na tangu hapo hawajaacha kupimana. Bibi Nyendo aliingia darasani mara mbili tu akatoka, akisema herufi zote zinafanana kama siafu. Naye ndiye aliyeeneza kijijini kwamba Matika hatasoma kitu. Atakariri, kama wote wanavyokariri, kisha atashika kitabu mbele ya uso kwa mapambo. Maneno hayo yalimfikia mama mkwe yakiwa bado ya moto.

Akalifungua lile somo kwenye kitabu cha kanisani ajiandae, na hakuweza. Neno moja analikamata, matatu yanamponyoka. Watu wakasema ni macho. Akaletwa mjini kupimwa, akapewa miwani, akakiona kitabu vizuri sana, na vizuri hivyo hivyo akashindwa kukisoma.

Alifikia kwetu, na hapo shida ikawa yangu. Kwetu mkwe ni mkwe. Mama mkwe hukai naye mkeka mmoja, humtazami usoni, na mkikutana penye njia nyembamba mmoja wenu anapisha, ikibidi hata kwenye miiba. Siku hizi nawaona mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana. Sisemi kitu. Mimi nikimwamkia mama ninasimama nje ya mlango, naangalia chini, na yeye ananiitikia akiwa ameupa ukuta uso. Likiwepo jambo la kuzungumza linapita kwa Mama Neema, hata kama sisi wawili tunasikiana waziwazi.

Mama Neema akaja jikoni akaniambia, "Baba Neema, wewe si mtu wa herufi? Mkuzie mama hayo maandishi."

Fundi wa mabango ana dawa moja kwa magonjwa yote: kukuza. Neema akalichapa somo kwa herufi zile zile za vitabuni, lakini kubwa maradufu. Mama akakaa nje na karatasi yake, mimi nikajibanza nyuma ya pazia la mlangoni nisikilize. Nikasikia anaanza, anakwama, anaruka, anakwama tena. Ningeweza kusimama nyuma ya bega lake ningeona kidole kinakwama wapi. Lakini bega la mama mkwe si mahali pa kusimama. Basi nikaamua bado ni ndogo. Tukakuza tena. Akakwama tena. Tukakuza mpaka somo lile fupi likawa bunda, na kila ukurasa una maneno ya kuhesabika kwa vidole.

"Ukiongeza tena," Mama Neema akaniambia, "itabidi mama asome akiwa ng'ambo ya barabara."

Mke wangu kwa huruma yake alimshauri mama akariri tu, yaishe. Nilisikia jibu kutoka kwenye pazia langu. Mama mkwe alisema, "Nyimbo nimekariri, sala nimekariri, majina ya ukoo mzima nimekariri. Mwanangu, nimechoka kubeba kila kitu kichwani. Kama siwezi kukisoma, nitamwambia katekista ampe mwingine." Kisha akaongeza, "Na darasani sitarudi." Hakulisema kwa hasira. Ndiyo maana sikupata raha tena.

Siku iliyofuata Mama Neema alikwenda sokoni, Neema yuko karakana na wateja. Nyumbani tukabaki mimi nyuma ya pazia, mama mkwe nje kwenye mkeka wake, na kuku mwekundu ambaye hakuwa na undugu na upande wowote. Kisha nikasikia mama anazungumza.

"Wewe kuku unakula tu hapa. Ungekuwa umesoma, ungeniambia huyu mwenye kibyongo ni nani."

Kuku akaendelea kudonoa.

"Mwalimu wetu hakutufundisha huyu. Kila neno ninaloligusa yumo, ameinama."

Sasa hapo nifanye nini? Kumjibu mkwe siwezi. Lakini kuku ni wa kwangu, na kuzungumza na kuku wangu hakuna mila inayonikataza.

"Wewe kuku," nikasema, "mwambie mama amwekee alama huyo mwenye kibyongo."

"Kuku, mwambie mkwe wangu sina kalamu."

"Kuku, uwele si upo hapo kwenye ungo?"

Nikasikia ungo unasogezwa. Mama alifanya kazi yake bila haraka, akaweka punje moja moja juu ya karatasi. Kisha akainuka, akazunguka nyuma jikoni, na akakohoa kunijulisha kwamba njia ni nyeupe. Nikatoka. Karatasi nzima ilikuwa kama shamba lililopandwa. Kila penye a pana punje. Penye g pana punje pia. Kwingine kote pasafi. Kabla sijainama vizuri, mkalimani wetu akaja kudai ujira wake, akala mstari wa kwanza wote. Nikamfukuza kwa kandambili, lakini nilikuwa nimeshaona.

Ninyi mliojua kusoma tangu utotoni huenda hamjawahi kulitazama hili. A ndogo ya ubaoni ni yai lenye fimbo pembeni. A ndogo ya vitabuni ina mgongo ulioinama juu ya tumbo, kama mtu aliyebeba gunia. Tumezizoea zote mbili mpaka hatuoni kwamba ni sura mbili tofauti. G ya vitabuni ndiyo kabisa, nyingine ina matumbo mawili. Sasa toeni a kwenye sentensi yoyote ya Kiswahili muone kinachobaki. Mama mkwe alikuwa anasoma lugha iliyokatwa pumzi kila hatua. Na mimi, bingwa wa Kizota, nilikuwa namkuzia kibyongo. Nilikuwa nimeshakifikisha ukubwa wa kikombe.

Nikaenda karakana. Neema akanifungulia herufi zake, tukazipitia. Zote za heshima zina kibyongo. Zile nyembamba za maofisini, kibyongo. Tukafika kwenye matonge. Matonge ya kwanza nayo yalikuwa na kibyongo, yamenona lakini yameinama, kama shemeji aliyekula akashindwa kunyooka. Tukashuka chini zaidi, na hapo tukayakuta matonge ambayo a yake ni yai na fimbo, na g yake ni yai lenye mkia. Yamekaa wazi, yamechangamka, yana matundu makubwa.

"Hizi hapa," nikasema.

Neema akanitazama. "Baba, hizi ndizo za mifuko ya ubuyu."

"Najua."

"Si wewe uliyesema tonge haliingii kanisani?"

"Nilisema. Wakati huo nilikuwa sijaombwa na mkwe."

Akachapa, Mama Neema akampelekea mama, mimi nikarudi kwenye pazia langu. Mama alianza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jiwe, jiwe, jiwe. Hakuanguka. Katikati akasimama akacheka peke yake, nikaogopa. Mama Neema akaja ndani.

"Mama anasema huyu amenyooka," akaniambia.

Akasoma siku hiyo, akasoma kesho yake, mpaka karatasi ikalainika kwa kushikwashikwa. Katekista alipita mjini akaonyeshwa. Alitabasamu kabla hajasoma hata neno moja, ndiyo tabia ya shemeji yetu huyo, kisha akasema maneno ni yale yale, ni nguo tu iliyobadilika. Tukadhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Habari zilitangulia Bahi kwamba Matika atasomea karatasi yake mwenyewe, iliyotengenezwa mjini kwa mkwewe. Bibi Nyendo akapata la kusema. Kama anajua kusoma, ya nini karatasi ya mjini? Si ameshakaririshwa huko huko, hiyo karatasi ni kanga ya kujifunika tu. Na hapo, wanangu, sikuona dawa. Mtu aliyesoma vizuri na mtu aliyekariri vizuri, ukiwasikiliza, wanafanana. Mama mkwe alijua hivyo pia. Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka alimwambia mke wangu kwamba atasoma, naye atajua amesoma, lakini ingekuwa vizuri kama na Nyendo angejua.

Jumapili ya mavuno ikafika, na sufuria likabebwa kwenda Bahi. Kutoka stendi tulihitaji bodaboda mbili, kwa sababu mimi na mama mkwe hatuwezi kupanda moja, na Mama Neema akasema hajaona mtu anayeitia mila yake mafuta ya petroli namna hii. Kanisani nilikaa nyuma kabisa, karibu na magunia ya mpunga na mbuzi mmoja wa sadaka. Bibi Nyendo alikuwa mbele, mikono kifuani.

Mama akaitwa. Nikaangalia sakafu, kama inavyonipasa, nikabaki na masikio tu. Akasoma. Hakukimbia. Kila neno alilifikia, akalishika, akaliweka chini. Alipofika mwisho wa somo nikamsikia Bibi Nyendo akimwambia jirani yake, kwa ule mnong'ono wa wazee unaofika mpaka kwa mbuzi, kwamba amekariri vizuri, hilo hamnyimi.

Kilichobaki ni mama kutamka maneno ya kufunga somo, watu waitikie, aketi. Lakini hakutamka. Alivuta pumzi na kuendelea.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Ile karatasi ya mazoezi ilikuwa imechoka, imepata na mlenda, kwa hiyo asubuhi ya safari Neema alichapa nyingine safi kwenye karatasi ngumu tunayotumia kwa kadi za harusi. Kadi zetu zote chini kabisa zina maneno madogo ya kutangaza kazi yetu. Kompyuta inayaweka yenyewe, kwa herufi zile zile za ukurasa. Hakuna aliyekumbuka kuyafuta, na mama alikuwa hajawahi kuyaona.

"Tunachora mabango," mama mkwe akasoma, kwa sauti ile ile ya somo, jiwe kwa jiwe. "Tunabandika stika za magari. Kadi za harusi na za kipaimara. Bei ni ya maelewano. Karibuni wote." Akashusha pumzi. "Neno la Bwana."

"Tumshukuru Mungu," kanisa zima likaitikia, kwa mazoea.

Kicheko kilianzia kwenye kwaya ya vijana kikaja nyuma kama moto wa nyasi. Katekista alijifuta uso kwa leso muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Mimi nilitamani kuwa nyumbani, jambo ambalo kwangu si geni, ila siku hiyo nilikuwa na sababu. Nikathubutu kuinua macho, si kwa mama, kwa Bibi Nyendo. Watu wote walikuwa wanacheka, yeye hakucheka. Mikono ilikuwa imeshuka kutoka kifuani.

Ibada ilipokwisha mama mkwe alisimama mlangoni akisalimiwa, kwa hiyo nikatokea mlango wa pembeni na kujificha nyuma ya kona ya ukuta. Bibi Nyendo alisubiri watu wapungue. Kisha akamwendea.

"Leo umesoma," akasema.

"Nimesoma."

"Hakuna mtu anayekariri bei ya maelewano."

Bibi Nyendo akainyooshea kidole kadi iliyokuwa mkononi mwa mama.

"Na walisemaje hapo chini? Hebu rudia."

"Soma mwenyewe," mama akasema, akampa ile kadi.

Bibi Nyendo akaipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka mbali na uso, akaileta karibu. Kidole chake kikatembea juu ya maandishi bila kuyagusa, kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Kikatua.

"Hii ya mviringo, inayofanana na ngata ya kubebea mtungi?"

"Hiyo hiyo," mama mkwe akasema. "Anzia hapo."